Mahali Mlima Unapoanzia

Nchi yetu sitaitaja jina. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo hawajawahi kuiulizia. Nitasema tu kwamba ina mlima, na kwamba mlima huo ni wa taifa zima. Uko kwenye noti, uko kwenye stempu, uko kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa taifa na kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwa hiyo siku ilipopitishwa sheria kwamba mali ya taifa zima haiwezi kukaliwa na mtu mmoja mmoja, waheshimiwa wabunge walipiga meza kwa furaha. Mimi nilikuwa juu roshani na makaratasi yangu, karani wa daraja la tatu, nikajipiga paja, maana karani haruhusiwi kupiga meza.

Sheria ilikataza kuishi, kulima, kuchunga na kuzika mlimani. Ilikuwa sheria nzuri, imechapwa kwenye karatasi nzito. Kasoro yake ilikuwa moja na ndogo, nayo iligunduliwa wiki ya pili: hakuna aliyejua mlima unaanzia wapi. Kilele kilijulikana, kinaonekana hata kutoka uwanja wa ndege. Lakini huku chini mlima wetu hauna adabu. Haukatiki kama ukuta. Unashuka ukawa kilima, kilima kikawa mwinuko, mwinuko ukawa shamba la mtu la maharage, na mara unajikuta sokoni unachagua vitunguu, wala huwezi kusema umetoka mlimani saa ngapi.

Ikaundwa Tume ya Kutafuta Mwanzo wa Mlima. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, magari saba, na mimi. Tulipewa ramani iliyoachwa na wakoloni, ambayo kileleni ina rangi ya kahawia, nayo kahawia inafifia polepole mpaka inakuwa kijani. Mwenyekiti akatuagiza tutafute mahali rangi inapobadilika. Tulitafuta siku nne. Mjumbe mmoja alidai ameiona, lakini ilikuwa nguo imeanikwa.

*

Siku ya nne magari yalishindwa na utelezi, tukapanda kwa miguu mpaka Kitwezi. Hicho ni kijiji cha vilimani, kati ya tambarare na mlima wenyewe. Kwenye njia ya kupandia pana jiwe bapa, kimo cha kiuno, ambapo kila apandaye hutua mzigo wake. Wanaliita Jiwe la Pumzi. Kando ya jiwe ilikuwepo nyumba ya Bi Siwema, mwanamke wa makamo, mwenye mtungi wa maji ya chemchemi na kata ya kifuu. Kuwanywesha wapandaji ilikuwa kazi yake, kama ilivyokuwa ya mama yake na bibi yake.

Watu wa Kitwezi wana desturi moja. Mtu anayehema haulizwi kitu. Haulizwi jina wala atokako, na hata akiwa anadaiwa ng'ombe haulizwi ng'ombe. Anapewa maji, anaachwa. Pumzi ikitulia ndipo anapoulizwa, na hapo lazima ajibu kweli, kwa kuwa amekunywa.

Wajumbe walianguka majanini kila mtu upande wake. Bi Siwema akatupa maji, akakaa, akasubiri. Mimi ndiye niliyetulia kwanza kwa sababu sikuwa na kitambi siku hizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umerudi duniani. Mnatafuta nini na msafara wote huo?"

"Tunatafuta mlima unapoanzia."

Alinitazama, akawatazama wazee wale majanini. "Magari saba kwa ajili ya hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Mlima unaanzia pale mtu anapotua mzigo akahema. Kila mtu na pake, mwanangu. Mpagazi pake ni kule juu penye mwamba. Mimi pangu siku hizi ni mlangoni." Akacheka, akanijazia kata nyingine.

Niliandika jibu lake kwenye daftari la Tume kwa mwandiko ambao hata leo wanausifu. Niliandika sentensi ya kwanza. Sentensi ya pili sikuiandika. Ukurasa ulikuwa umefika mwisho, nami sikupenda kubana maneno.

*

Bungeni sentensi hiyo ilipokelewa kama mvua. Ilikuwa fupi, ya kizalendo, na haikuhitaji kununua vyombo vya kupimia kutoka nje. Tatizo likawa moja: mtu huyo anayehema ni nani? Mbunge mmoja wa upinzani, aliyekuwa bado hajatulizwa, alipendekeza apimwe mpagazi. Ukumbi ulicheka mpaka Spika akaomba maji. Mwanasheria wa Serikali akasimama akafunga mjadala.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "mwananchi wa kawaida huhema kwa sababu zake binafsi. Anayehema kwa niaba ya taifa ni Waziri."

Ikawa sheria. Kila mwaka, katika Siku ya Mlima, Waziri wa Milima na Miinuko angepanda kwa miguu kutoka tambarare, na pale atakapohema pangepakwa rangi nyekundu. Chini ya rangi ni tambarare, juu ya rangi ni mlima. Kuhusu kutua mzigo, Mkuu wa Itifaki, Bwana Mtendeni, alifafanua kwamba mzigo wa Waziri ni dhamana aliyopewa na wananchi, nao hautuliki, kwa hiyo kipengele hicho kifutwe. Kikafutwa. Kuhema kukafafanuliwa kuwa ni pumzi tatu mfululizo kupitia kinywani, midomo ikiwa imeachana. Alihitajika mtu mwenye masikio ya kuzisikia pumzi hizo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta sentensi, nilipandishwa cheo nikawa Mpima Pumzi, nikakabidhiwa filimbi, kopo la rangi na kofia.

Waziri wakati huo alikuwa Mheshimiwa Lubango Kifenda, mtu mwembamba, aliyekuwa mwalimu wa michezo kabla hajaitwa kulitumikia taifa. Mwaka wa kwanza alipanda akiongea. Alilipita Jiwe la Pumzi akimpungia mkono Bi Siwema, akaipita misitu, akahema juu kabisa kwenye miamba ambako hakai mtu ila pimbi. Tukapaka rangi. Pimbi wakapewa notisi ya siku saba. Kitwezi walipiga ngoma, maana sasa walikuwa watu wa tambarare kwa mujibu wa sheria, na hakuna wa kuwagusa. Bi Siwema aliniambia, "Kumbe serikali nayo ina akili." Nilijisikia mtu.

*

Uwaziri ni kazi ya kukaa na kula. Mwaka wa pili Mheshimiwa alikuwa amenawiri, akahema hatua mia tisa chini ya miamba, katikati ya mashamba ya viazi. Mwaka wa tatu alihema penye shule. Mwaka wa nne alikuwa na shingo tatu, akahema kwenye makaburi ya Kitwezi ya juu, na marehemu wakaambiwa kwamba wamezikwa mlimani kinyume cha sheria. Jamaa zao ndio waliotakiwa kurekebisha.

Kila mstari uliposhuka, waliokuwa juu yake walipata barua. Barua hiyo niliitunga mimi, na kwa kuwa ilipendwa haikubadilishwa tena: "Ndugu Mvamizi, Wizara inakupongeza kwa kuishi mlimani muda wote huo, na inakutaka uache ndani ya siku saba." Neno "inakupongeza" lilinigharimu mchana mzima.

Mtu asije akadhani juu kule kulibaki kutupu. Karibu na kilele ilijengwa Nyumba ya Tafakuri, vyumba ishirini na bwawa la maji moto, ya Mheshimiwa na wageni wake. Mwandishi mmoja wa habari aliuliza inakuwaje. Bwana Mtendeni akamweleza kwa upole kwamba Mheshimiwa hufika pale kwa helikopta, hahemi hata kidogo, na mahali ambapo Waziri hahemi si mlima. Mwandishi aliridhika. Aliridhika zaidi baada ya siku tatu, alipotolewa mahabusu.

Watu wa Kitwezi waliobaki walifanya hesabu yao wakaona kwamba usalama wao uko kifuani mwa mtu mmoja. Walichonga ngazi njia nzima, vidato mia nne na kumi na viwili, vifupi vifupi, visivyochosha goti. Waliweka kivuli cha makuti kila penye jua. Na walimwombea. Nchi nzima hakuna watu waliowahi kumwombea Waziri afya njema kwa moyo mweupe kama wale. Walimwombea Ijumaa, wakamwombea Jumapili, na akipiga chafya redioni kina mama walishika vichwa. Gazeti la serikali likaandika kwa herufi kubwa kwamba wananchi wa vilimani wanampenda Waziri wao kuliko wote.

Mwaka wa tano walikubaliana jambo jingine: Mheshimiwa asichinjiwe. Apewe mchicha, uji wa ulezi bila sukari, na maji ya ukwaju. Mkuu wa Wilaya alipofika kukagua maandalizi akakuta majani kwenye masufuria, aliutupa mfuniko.

"Mnamlisha Waziri majani? Waziri ni sungura?"

"Mzee, ni kwa ajili ya kifua chake," mmoja alijaribu.

"Kifua cha Waziri kina daktari wake Ulaya. Leteni mbuzi."

Walichinjwa mbuzi wanne, kwa amri, nao walikuwa mbuzi wa watu wa Kitwezi.

*

Mchana ule, siku moja kabla ya sherehe, Bi Siwema alinifuata kwenye hema la Wizara na kata ya maji mkononi. Nilikuwa nimepanda mwenyewe, nimechoka, nikainywa yote kabla sijafikiri. Alisubiri pumzi yangu itulie. Nilipoiona ile subira yake ndipo nilipojua kwamba nimekunywa vibaya.

"Mwanangu, kuhema kwa yule mzee nani anakusikia?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Bendi inapiga. Wengine hawasikii kitu."

"Mwaka jana alihema hatua ishirini juu ya mlango wangu. Mwaka huu kanenepa, mimi nina macho. Atahema kabla ya jiwe." Alisema bila kulia, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. "Sikuombi useme uongo mkubwa. Nakuomba uchelewe kusikia. Hatua thelathini tu. Mama yangu kazikwa nyuma ya jiko, nikihamishwa nitamwachia nani? Kesho utasikia?"

"Nitachelewa, mama," nilisema, na maji yake yakiwa bado baridi tumboni mwangu.

Kesho yake Mheshimiwa Kifenda alikula mbuzi mmoja karibu peke yake, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Mlima ni mama yetu! Nani anaweza kuishi juu ya mgongo wa mama yake?" Bi Siwema alikuwa mstari wa mbele na khanga mpya. Walioketi wakapiga makofi, waliosimama wakaambiwa wapige. Halafu tukaanza kupanda, Mheshimiwa mbele, mimi ubavuni mwake na sikio langu, Bwana Mtendeni nyuma yangu, na bendi nyuma ya wote.

Alihema hatua kumi na nne kabla ya Jiwe la Pumzi. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kinywa wazi. Tarumbeta zilikuwa zinalia na hakuna aliyesikia ila mimi. Nililiona jiwe, niliuona mlango wa rangi ya samawati, nilimwona Bi Siwema aliyekuwa ametangulia kwa njia ya mkato amesimama pale na mtungi wake. Hatua thelathini ni kitu gani? Angejikokota, angefika. Lakini asubuhi ile Bwana Mtendeni alikuwa amenong'ona kwamba kiti cha Mkurugenzi wa Mipaka ya Miinuko kiko wazi, na kwamba wanatafuta mtu makini.

Nikapuliza filimbi.

Sikulazimishwa. Nayaandika haya hapa kwa kuwa kwenye ripoti niliandika kwamba kanuni ilinilazimisha. Niliona aibu pale pale, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio, nikapaka rangi haraka haraka ili mikono ipate la kufanya. Halafu ilibidi nikimbie kupanda mpaka kwenye jiwe kubandika tangazo, nikafika natweta. Bi Siwema alisimama mbele yangu. Hakunipa maji. Hakusema neno vilevile, kwa sababu nilikuwa ninahema, na desturi ni desturi. Alisimama tu akisubiri pumzi yangu itulie aniulize.

Sikungoja itulie. Niligeuka, nikashuka vidato viwili viwili, nikaingia garini ningali natweta, nikamwambia dereva aondoe gari.

Nyumba ilivunjwa Jumatatu. Jiwe la Pumzi lilizungushiwa uzio likawekewa kibao: Kumbukumbu ya Taifa, Hairuhusiwi Kupumzika Hapa. Niliambiwa Bi Siwema hakuchukua kitu ila mtungi, kata, na figa moja la jiko. Wenzake walihamia hatua mia mbili chini ya mstari, kungoja mwaka ujao. Yeye aliivuka tambarare yote na mji mkuu, akaenda kukaa kwenye mbuga ya chumvi mwisho kabisa wa nchi, mahali pasipoota hata magugu. Alisema hataki kuhama mara mbili. Ofisini tulicheka sana habari hiyo. Mimi nilicheka kwa kiasi, kama inavyompasa mkurugenzi.

*

Mwaka wa sita Mheshimiwa hakuweza kusafiri mpaka mlimani. Miguu ilikuwa imejaa maji. Lakini sheria inasema kila mwaka, na sisi ni nchi ya sheria. Bwana Mtendeni akashauri kipimo kifanyike Wizarani. Mheshimiwa alipanda ngazi za kwenda ofisini kwake, akahema kidato cha tisa, nikapuliza, tukapaka rangi kwenye zulia. Wachora ramani walikaa siku kumi na moja wakiunganisha kidato kile na mlima. Kila kilichokuwa upande wa juu, yaani mikoa sita, reli, soko kuu na nusu ya mji mkuu, kikawa mlima. Watalii walifurahi, maana sasa uliweza kuukwea mlima wetu kwa teksi.

Hapo ungetarajia mtu aseme kitu. Hakuna aliyesema. Waliokuwa nusu ya chini ya mji waliona kwamba wenzao wa nusu ya juu walijitakia, kwa nini walijenga mlimani? Mimi mwenyewe nyumba yangu ilikuwa mtaa wa chini, ina bustani, na niliwahi kusema maneno hayo hayo barazani nikiwa na kikombe cha chai.

Mwaka wa saba Mheshimiwa alihema nyumbani kwake, chumbani, akijaribu kuvaa soksi. Chumba chake kiko mtaa wa chini kuliko wangu. Nilisimama kando ya kitanda na filimbi mdomoni. Moja. Mbili. Mke wake alinitazama. Bwana Mtendeni naye alinitazama. Nilijua hatua kamili kutoka soksi ile mpaka mlangoni kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimezihesabu wiki nzima. Tatu. Ningechelewa kusikia, lakini chumba kilikuwa kimya, hakuna bendi, kila mtu amesikia.

Barua ilinifikia Alhamisi. Nilimsomea mke wangu. Aliuliza ni nani mjinga aliyeandika kwamba anatupongeza. Kesho yake alienda kwa kaka yake, ng'ambo ya mpaka, na hakuniambia nimfuate.

*

Mbuga ya chumvi haina njia, unafuata tu migongo ya watu. Nilitembea kutwa nzima na godoro kichwani. Mbele yangu na nyuma yangu walikuwa walimu, makuli wa reli, wauza vitunguu, mbunge yule wa upinzani, na mwandishi yule wa habari. Mbele kabisa, mahali ambapo wote walisimama, niliona watu wameketi kwa mviringo, na katikati yao figa moja limewekwa juu ya chumvi nyeupe. Kila aliyefika alitua mzigo wake juu ya figa lile, au kando yake, akapewa maji.

Bi Siwema amezeeka. Mtungi ni ule ule. Maji ya pale yana chumvi, lakini aliijaza kata mpaka ukingoni, akanipa kwa mikono miwili kama anavyompa kila mtu, nami nikanywa kwa kuwa kiu ilikuwa inaniua. Kisha akavuta kigunia chake akaketi mbele yangu, na wale walioketi wakasogea, wengi wao watu wa Kitwezi, nikawatambua mmoja mmoja kwa majina niliyoyaandika kwenye bahasha. Walikuwa wanaingoja pumzi yangu itulie.

Swali ninalijua. Ataniuliza kwa nini nilipuliza. Nami nimekunywa.

Nikaendelea kuhema. Jua liliinama nikahema. Wengine walifika nyuma yangu wakapewa maji, wakatulia, wakaulizwa, wakajibu, wakaenda kutafuta pa kutandika. Mimi bado nikahema, mabega juu, mabega chini, kinywa wazi.

"Pumzika, mwanangu," alisema Bi Siwema. "Hatuna haraka. Hapa hatuhami tena."

Miaka saba nilipima pumzi za watu kwa mshahara. Naijua pumzi ya kweli na naijua ya uongo. Naye anazijua, tangu kwa bibi yake. Aliweka kata chini, akakunja mikono, akaniangalia nikihema.